Maunti, Mota na Jicho la Kunguru

Mpwa wangu amepokea mchezo. Ofisini kwao wanacheza wanawake kumi na wawili, zamu yake imeangukia mwezi huu, na badala ya kununua friji kama mama yake alivyotaka, kanitumia ujumbe saa nne usiku: "Shikamoo anko. Nataka kamera ya kupiga ndege na mechi za watoto. Nichukue bodi gani?" Chini ya ujumbe kuna picha tatu alizozitoa mtandaoni, kila moja ina kamera isiyo na kioo na maneno makubwa kuhusu akili bandia inayokamata jicho la ndege angani.

Kwa miaka mingi sisi wapigapicha wa Jumamosi tulikuwa na jibu moja la swali hilo, na tulilitoa kwa majivuno kidogo: bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, huja na kupita, hela weka kwenye lenzi. Nimelitoa mwenyewe mara nyingi. Siku hizi nalitoa nusunusu. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kumtambua ndege na kumfuata imehamia ndani ya bodi, na bodi ya mwaka 2014 haitamjua mwewe hata ukiifunga lenzi yenye bei ya Noah. Hapo wenye matangazo wana haki. Wanapotupoteza ni pale wanapotuuzia utambuzi huo kana kwamba ndio unaotenganisha kamera moja na nyingine. Kwa bodi za bei ya kati zilizotoka tangu 2022, utambuzi karibu zote zinao. Panapouma ni penginepo, mahali pawili ambapo tangazo halifiki: kasi ya kihisi kuisoma picha, na mota iliyomo ndani ya lenzi.

Kihisi, kile kibao ndani ya bodi kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, wenzangu wengi husema sensa. Naliepuka neno hilo tangu mzee mmoja aliponiuliza kama nimekuja kuhesabu watu.

Mazoezi yangu huyafanya Coco Beach kabla jua halijapanda, na ninayempiga ni kunguru. Yule wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka, akala taka, akaongeza mayai na vifaranga vya ndege wengine, kisha akaenea pwani yote. Simpendi. Lakini kwa kupima otofokasi (kamera kujitafutia yenyewe mahali pa kuwa pakali) hana mpinzani: yupo kila mahali, haogopi watu, anaruka ovyo, na jicho lake jeusi limezama kwenye manyoya meusi. Yangeyange mweupe kamera yoyote ya miaka hii itamwekea kiboksi juu ya jicho na kukibakiza hapo. Kwa kunguru kiboksi kinahangaika, mara kichwani, mara kifuani, mara kwenye mdomo. Ndiyo maana video za mbwa anayekimbia kwenye majani mabichi ya Ulaya hazinisaidii. Mbwa wa kahawia juu ya kijani kibichi ni mtihani wa chekechea. Ukienda dukani omba dakika tano za kutoka nje na kamera, utafute kunguru. Kwa Dar hutamkosa.

Ili uelewe kinachotokea ndani ya kile kiboksi inabidi kurudi nyuma kidogo. Kamera za kioo, zile DSLR, zilikuwa na kioo kilichoinama mbele ya kihisi. Kioo kikubwa kilipeleka mwanga juu kwenye tundu la kuchungulia. Kidogo kilichokuwa nyuma yake kilichota sehemu ya mwanga na kuushusha chini, kwenye kifaa cha kupimia fokasi. Kifaa kile kilikuwa na njia ya kijanja. Kilichukua mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule wa upande wa pili, kikaangalia picha hizo mbili zimeachana kiasi gani, na kwa mwachano huo kikajua lenzi isogee upande gani na kwa kadiri gani. Ilikuwa haraka sana. Ila kiliona sehemu chache tu, nyingi za katikati, na kwa kiasi kikubwa hakikujua kama kinachopimwa ni jicho au tawi.

Panasonic ndio waliokiondoa kioo kwanza kwenye kamera ya kubadilisha lenzi ya mfumo mpya, Lumix G1 ya mwaka 2008. Bila kioo, kile kifaa cha chini kikafa, na kihisi chenyewe kikabebeshwa kazi ya kutafuta fokasi kwa kupima ukali wa mistari ya picha. Hiyo ni kazi ya bibi anayetunga uzi kwenye sindano: anasogeza, anapitiliza, anarudisha, anapata. Kwa ua lililotulia hakuna neno. Kwa mtoto anayekimbilia mpira, mpaka uzi uingie yeye keshafunga goli na kuvua jezi. Dawa ilikuwa kuipandikiza ile njia ya kijanja ndani ya kihisi. Canon walifanya hivyo mwaka 2013 kwenye 70D, kwa kuigawa kila pikseli mara mbili ili nusu moja ione upande wa kushoto wa lenzi na nusu ya pili upande wa kulia. Sony wakaja na a6000 mwaka 2014, vituo 179 vya fokasi vikiwa vimetawanywa sehemu kubwa ya kihisi na picha 11 kwa sekunde, na tangu hapo watu wa kujifurahisha wakaanza kuuza kamera zao za kioo. Cha kuchekesha, Panasonic walioanzisha safari yote waling'ang'ania sindano na uzi hadi S5 II ya Januari 2023. Kwa miaka hiyo yote walitengeneza kamera nzuri sana za video ambazo wapiga mechi waliziogopa.

Baada ya kupima umbali ndipo likaja suala la kutambua. Hapa kompyuta iliyo ndani ya bodi imefundishwa kwa picha nyingi mno za macho, vichwa, mabawa na magurudumu mpaka ikajua maumbo yao. Canon R5 na R6 za mwaka 2020 zilikuja zikiwajua mbwa, paka na ndege. Miaka miwili baadaye ujuzi huo ukashuka kwenye R7 na R10, za kropu (yaani zenye kihisi kidogo) na za bei nafuu zaidi. Sony A6700 ya mwaka 2023 ilikuja na kichakato (kompyuta ndogo ya ndani) cha pekee cha kazi hiyo, ikatenga ndege na wadudu, magari na ndege za abiria. Nikon wakafanya jambo lililonifurahisha kuliko yote: Z50II ya Novemba 2024, bodi iliyozinduliwa kwa takriban dola 910, wameipa kichakato cha Expeed 7, familia ileile iliyomo ndani ya Z9 iliyotoka 2021 kwa dola 5,500, pamoja na chaguo la ndege peke yake.

Ukisoma hadi hapo utasema basi, chukua Z50II, umepata ubongo wa Z9 kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Umepata ubongo, kweli. Jicho ni lilelile la megapikseli 20.9 la Z50 ya mwaka 2019. Hapo ndipo ujanja wa viwanda ulipo, na sisemi ni ubaya. Programu na kichakato vinashuka bei haraka, maana ukishaifundisha kompyuta kumjua mwewe, kuinakili elimu hiyo kwenye bodi nyingine ni gharama ndogo. Kihisi cha tabaka, kile chenye kumbukumbu yake imebandikwa mgongoni ili kisome picha kwa kufumba na kufumbua, bado ni ghali kukitengeneza, na hicho hakishuki haraka hivyo.

Kasi hiyo ya kusoma inahusu nini? Kihisi cha kawaida hakiioni picha yote kwa mara moja. Kinaisoma mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la pili anavyopitisha kidole kwenye kitabu. R7, yenye megapikseli 32.5, ukitumia shata ya kielektroniki (isiyo na pazia la chuma linalofunguka) inachukua karibu sehemu moja ya thelathini ya sekunde kutoka mstari wa juu hadi wa chini. Z9 inachukua karibu sehemu moja ya 270. Sasa fanya hesabu hii ukiwa uwanjani. Unamfuata winga kwa kuzungusha kamera, kasi ya kuzungusha ni kwamba upana wote wa picha unapita ndani ya theluthi moja ya sekunde. Mlingoti wa goli uliosimama toka juu hadi chini ya picha, kwa kihisi cha kwanza, kichwa chake na mguu wake vitaachana kwa sehemu ya kumi ya upana wa picha. Umelala kama mnazi wa Bagamoyo. Kwa kihisi cha pili mwachano ni sehemu moja ya tisini, hakuna atakayeuona. Kwa ndege, bawa linajikunja kama ndizi. Na usiku, kwenye uwanja wenye taa za LED, unapata mistari ya giza na mwanga imelala juu ya jezi.

Fokasi inaweza kuwa imekaa sawasawa kwenye kila picha hizo. Kiboksi kilikuwa jichoni. Picha bado ni ya kutupa.

Kwa hiyo ukisoma tangazo linalosema picha 30 kwa sekunde (R7) au 23 (R10), jua hiyo ni shata ya kielektroniki. Za shata ya chuma ni 15 kwa zote mbili. A6700 na Z50II ni 11. Hizo ndizo namba za kufanyia kazi uwanjani, na wala si ndogo: kwa magoli ya watoto chini ya miaka kumi na mbili, 11 zinakutosha ukabaki na nyingine za kufuta hadi Jumatano.

Kasi ya kihisi inagusa pia jambo ambalo watu hulisahau, nalo ni jicho la mpigapicha mwenyewe. Kwenye kamera isiyo na kioo unachokiona kwenye tundu la kuchungulia ni skrini ndogo. Unapopiga mfululizo kwa kihisi cha kawaida, skrini hiyo inakuonyesha picha ulizokwisha kupiga, moja baada ya nyingine, huku ndege halisi keshapinda kushoto. Kamera haijampoteza, wewe ndiye uliyempoteza, maana unamfuata alipokuwa. Sony A9 ya mwaka 2017 ilikuwa ya kwanza, kwa wengi wetu, kulimaliza tatizo hili: picha 20 kwa sekunde bila skrini kuzima hata mara moja, na fokasi ikihesabiwa mara 60 kwa sekunde. Bado nahesabu kamera ile kuwa ndiyo iliyoifunga kaburini kamera ya kioo, kuliko A7 ya 2013 inayosifiwa zaidi. Nikipata A9 iliyotumika, safi, naweza kuichukua mbele ya bodi mpya ya kropu, ingawa haijui ndege. Watu wengi watanibishia hapo, na mpwa wangu simshauri hivyo.

Sasa mota. Kufuatilia ni kazi tatu: kutambua, kubashiri kitakuwa wapi, na kukisogeza kioo cha fokasi kilichomo ndani ya lenzi kifike hapo kabla shata haijafunguka. Mbili za kwanza ni za bodi. Ya tatu ni ya lenzi, na hapo ndipo bodi ya mamilioni inaweza kukaa ikisubiri kama basi lililofika kivukoni pantoni ikiwa ng'ambo. Chukua lenzi ya milimita 400 kwa f/8 (f ni upana wa tundu la mwanga, namba ikikua tundu linabana) kwenye bodi ya kropu. Mwewe akiwa mita 10 kutoka kwako, sehemu inayokaa fokasi ina kina cha sentimita 20 hivi. Anakujia kwa mita 10 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 36 kwa saa, mwendo wa bajaji isiyo na haraka. Ukipiga picha 15 kwa sekunde, kati ya picha na picha atakuwa amesogea sentimita 67. Yaani lenzi inatakiwa iruke zaidi ya mara tatu ya kina chake cha fokasi, isimame, isitetereke, kisha iruke tena, mara 15 ndani ya sekunde moja. Lenzi ya plastiki inayokuja kwenye boksi pamoja na bodi haikutengenezwa kwa ajili ya hilo.

Ndiyo maana nilimjibu mpwa wangu kwa kumgeuzia swali: usiniulize bodi, niulize lenzi ya ndege ya bei yako iko upande gani. Ukishaijua hiyo, umeshachagua maunti, ile pete ya bodi ambapo lenzi hufungwa, na maunti ndiyo ndoa. (Itamke vizuri ile n. Ukiimeza unapata mauti, na kwa bei za lenzi wala hutakuwa umekosea sana.)

Upande wa Canon ipo RF 100-400, f/5.6 hadi f/8, ya mwaka 2021. Ina gramu 635, chini ya mfuko wa sukari wa kilo, mota yake ni Nano USM yenye haraka, ina kituliza mtikisiko, na ilitoka kwa dola 649. Kwenye bodi ya kropu ya Canon inakuwa na mtazamo wa milimita 640, maana kihisi kidogo kinakata kingo za picha. Kwa ndege wa mchana sijui kitu kingine kinachotoa kiasi hicho kwa bei hiyo. Upande wa Sony ipo 70-350 ya mwaka 2019, gramu 625, mota za mstari mnyoofu, kali kwa ukali wa picha, lakini ilitoka kwa karibu dola 1,000 na mtazamo wake ni 525. Sony wanalipa kwa njia nyingine: waliwaachia mlango wazi Sigma na Tamron, kwa hiyo kuna Sigma 100-400 yenye kilo moja na gramu mia na kitu, kuna Tamron 150-500, na soko la mkononi limejaa. Canon mlango huo waliufungua mwaka 2024, tena kwa lenzi za kropu. Nikon wana 50-250 nyepesi mno, gramu 405, iliyotoka kwa chini ya dola 400, inayokupa mtazamo wa 375. Kwa mechi ya watoto ni tamu, kwa ndege chozi aliye kwenye ua la mgomba ni fupi. Baada yake unaruka hadi 28-400 ya mwaka 2024, inayofika f/8, au 180-600 ya 2023 yenye kilo mbili, iliyotoka kwa karibu dola 1,700. Hiyo ya mwisho ni lenzi ya heshima. Naomba tu uibebe saa mbili kabla hujailipia.

Jumlisha sasa. R7 na 100-400: dola 1,499 na 649, jumla 2,148. A6700 na 70-350: karibu 2,400. Z50II na 50-250: chini ya 1,310. R10 na 100-400: 979 na 649, jumla 1,628. Hizo ni bei za uzinduzi za Marekani, kabla kodi na mwenye duka wa Dar hawajapitisha mkono wao, ila uwiano hausogei sana. Mchezo wa mpwa wangu unafika 1,700.

Jibu langu ni R10 na 100-400, na najua ninachokiacha. R10 haina kituliza mtikisiko ndani ya bodi. Lenzi inacho, kwa hiyo kwa ndege hailii. Tundu lake la kuchungulia ni dogo. Kibaya zaidi ni bafa, kumbukumbu ya muda ya kamera: ukipiga RAW (picha ghafi) kwa picha 15 kwa sekunde, baada ya sekunde kama mbili kamera inaanza kukohoa. Mtu anayeshikilia kitufe kama honi ya daladala atakasirika. Mtu anayejifunza kusubiri mpaka bawa lipande, atapata. A6700 ni kamera bora kuliko R10, sitabisha hata dakika moja. Fokasi yake naipenda kuliko zote nne, na mwenye dola 2,400 asinisikilize mimi. Ila kwa 1,700 ungepata A6700 na lenzi fupi, halafu ungekaa miezi minane ukimtazama mdiria akiwa kidoa katikati ya picha, kiboksi cha akili bandia kikiwa kimemzunguka kwa adabu zote.

Kuna hoja ya kunipinga ambayo naiheshimu, nayo ni mwanga. Kutoka f/5.6 kwenda f/8 umeupoteza mwanga nusu nzima. Magharibi ya kwetu haina subira, jua likigusa maji una dakika chache, na kwa 1/2000 ya sekunde f/8 inakusukuma kwenye ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya juu ambako manyoya yanageuka chenga. Ni kweli. Lakini chenga siku hizi zinafutika kwa programu kwa kiasi ambacho miaka mitano iliyopita tungekiita uchawi, na mpira wa watoto huchezwa saa kumi jioni, mwanga upo tele. Mwenye kupiga bundi asinunue lenzi hii. Mwenye kupiga harusi ukumbini ndiyo kabisa. Huyo achukue milimita 50 ya f/1.8, gramu 160 kwa upande wa Canon, na aende zake.

Adui mkubwa wa mchana wetu ni mvuke wa joto. Saa sita juu ya mchanga au lami, hewa yenyewe inachemka mbele ya lenzi, mistari inacheza, fokasi inakwenda na kurudi, na kila picha inatoka kama imepigwa kupitia maji. Hakuna bodi inayotibu hilo, hata ya dola 6,000. Nimeona watu Mikumi wakibadilisha mipangilio ya fokasi saa nane mchana kwa tembo aliye mita mia mbili, jasho linawatoka, wakati dawa ilikuwa kuwasha gari na kusogea, au kulala mpaka saa kumi.

Ndiyo maana kabla ya kulaumu otofokasi napenda kuisoma picha iliyoharibika. Kama jicho lina ukungu lakini majani ya mbele au ya nyuma yamekaa sawasawa, fokasi ilikosa. Kama hakuna kilichokaa na kila kitu kina mkia upande mmoja, shata ilikuwa ya taratibu au mkono ulitetemeka. Kama kila kitu kina mawimbi, ni joto. Picha nyingi ninazoletewa kwa malalamiko ya fokasi zimeanguka kwenye hayo mawili ya mwisho. Na zile za kwanza, mara kadhaa nimekuta kamera imeachwa kwenye kutambua watu, mtu anapiga korongo. Upo pia mpangilio wa kuamua kamera ikae na mhusika kwa ugumu gani kitu kikikatiza mbele yake. Kwa mpira uweke ukaidi, la sivyo refa akipita tu kamera inamwoa yeye.

Kuhusu mtumba, neno moja la kumwokolea mtu hela. Lenzi za zamani za Canon EF (za kamera za kioo) zinakaa kwenye bodi za RF (zisizo na kioo) vizuri ajabu, kwa sababu adapta yake ni bomba tupu lenye nyaya: EF inahitaji milimita 44 kutoka maunti hadi kihisi, RF inahitaji 20, adapta inajaza 24 zilizobaki na kupitisha lugha ambayo bodi inaijua tayari. Kwa Nikon, lenzi za AF-D zinazozungushwa na msumari wa bodi hazipati otofokasi kwenye FTZ, adapta ya bodi za Z zisizo na kioo, maana msumari huo haumo. Nimeziona zikiuzwa kwa vijana wenye Z bila kuambiwa. Na kwa sisi wa pwani, kabla ya kulipia lenzi yoyote iliyotumika, washa tochi ya simu ukaipitishe nyuma yake: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, unyevu wetu huu, na inapenda kusambaa.

Jumamosi alikuja nikampa kamera yangu ya zamani ajaribu kabla hajatoa hela. Coco, saa moja kasoro, wauza mihogo ndio kwanza wanapuliza mkaa. Kunguru mmoja alidokoa kipande kilichodondoka, akaruka kuja upande wetu, na mpwa wangu akashikilia kitufe mpaka kamera ikagoma. Tukakaa ukutani kuzitazama. Picha ishirini na kitu. Katika ile nzuri kuliko zote mabawa yamefunguka, bahari nyuma ni rangi ya shaba, jicho lina ukungu kidogo, na fokasi imekaa kwenye mhogo, sawasawa kabisa, pilipili mpaka chumvi inahesabika. Amenuna. Nimemwambia asiifute.